Gari Limevuka Bahari, Barua Imebaki Japani

Hotuba kwa mafundi, madereva wa safari na wenye magari ya kulala ndani, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, madereva, wenye magari, na nyinyi wenye yadi mlioacha biashara asubuhi hii mkaja kukaa nasi: wazee wangu, shikamooni. Wengine wote, habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kunipa nafasi.

Nimeombwa nizungumzie usalama wa magari ya safari, hasa haya ambayo siku hizi yanazidi kutengenezwa hapa mjini. Coaster inang'olewa viti, inawekwa kitanda na jiko. Hiace inapata sinki na friji. Land Cruiser inabebeshwa hema juu ya keria. Watu wanayakodi, wanakwenda Mikumi, Saadani, Ruaha, wengine wanavuka Tunduma wanaingia Zambia. Ni kazi nzuri na naiheshimu, kwa sababu najua kichwa na mikono inayohitajika kugeuza basi la abiria likawa nyumba. Lakini sitazungumzia kupima oili na kujaza maji kabla ya safari. Hayo mnayafanya hata mkiwa na usingizi. Nataka tuzungumze kuhusu kasoro ambayo gari limetoka nayo kiwandani, ile ambayo dereva hakuisababisha wala fundi hakuisababisha, na ambayo mara nyingi kiwanda chenyewe kinaijua na kimekwisha kuitangaza, ila sisi hatukupata habari.

Kwanza tuelewane jinsi mambo yanavyokwenda huko magari yanakotoka. Marekani wana sheria ya usalama wa magari tangu mwaka 1966. Kiwanda kikishajua kwamba gari lake lina kasoro ya usalama, kina siku 5 za kazi kuiarifu serikali. Baada ya hapo kinatakiwa kumwandikia kila mwenye gari, kwa barua, ndani ya siku 60. Matengenezo ni bure: kitatengeneza, au kitabadilisha, au kitarudisha fedha. Japani nao wana utaratibu wao tangu mwaka 1969, unasimamiwa na wizara inayoshughulikia uchukuzi. Kiwanda kinatangaza, kinayaita magari yarudi kutengenezwa, mwenye gari anapata barua, anakwenda kwa wakala, anakaa anakunywa chai, gari linatengenezwa, anaondoka.

Sasa barua ile inatumwa kwa nani? Kwa mtu ambaye jina lake liko kwenye usajili. Na gari lake likishakwenda mnadani, likapanda meli pale Yokohama au Nagoya, likashuka kwenye bandari yetu, likapewa kadi mpya na namba inayoanza na T, hakuna barua itakayolifuata. Kiwanda hakimjui mama wa Tabata aliyelinunua. Wala hakimjui kijana wa Mbagala aliyemuuzia yule mama, wala dalali aliyewakutanisha. Kasoro imekuja nzima, haikutozwa hata ushuru. Barua imebaki kwenye sanduku la mtu huko Osaka.

Mfano mkubwa kuliko yote ni eabegi, ile mifuko ya hewa ya kumkinga mtu kwenye ajali, zilizotengenezwa na kampuni ya Japani iitwayo Takata. Wengi mmelisikia jina, lakini nataka tuingie ndani kidogo, kwa sababu jambo hili linatuhusu sisi wa pwani kuliko watu wengi duniani.

Nyuma ya kile kifuniko cha usukani kuna kopo dogo la chuma. Ndani ya kopo kuna vidonge vya kemikali. Gari likigonga, vidonge vinawaka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, gesi inajaa kwenye mfuko, mfuko unakupokea kabla uso haujafika kwenye usukani. Takata walitumia nitrati ya amonia, na katika makopo mengi hawakuweka kitu cha kunyonya unyevu. Vidonge hivyo vikikaa miaka mingi kwenye joto na unyevunyevu, jua la mchana likivipasha na usiku ukivipoza, vinaharibika taratibu. Siku gari linagonga, vinawaka kwa nguvu kupita kiasi, kopo linapasuka, na vipande vya chuma vinapita katikati ya mfuko kwenda usoni na shingoni kwa dereva. Kitu kilichowekwa kimwokoe ndicho kinachomuua, tena wakati mwingine katika ajali ndogo ambayo angetoka na mchubuko tu. Mwaka 2014, huko Malaysia, mwanamke mjamzito alikufa hivyo ndani ya Honda City.

Marekani peke yake makopo yaliyoitwa yalifika karibu milioni 67. Dunia nzima yanakadiriwa kufika kama milioni 100. Kampuni yenyewe ilifilisika mwaka 2017. Na Wamarekani walipopanga nani atengenezewe kwanza, waliigawa nchi yao kwa hali ya hewa. Waliotangulia ni watu wa Florida, Hawaii na majimbo mengine ya joto na unyevunyevu. Gari la nchi ya baridi lilikuwa na nafuu ya miaka kadhaa, la pwani ya joto halikuwa nayo. Ndugu zangu, fikirieni gari linalolala nje Kigamboni au Mbezi Beach mwezi wa tatu, madirisha yamefungwa, jasho linatiririka hata ukiwa umekaa kivulini. Hayo ndiyo mazingira ambayo kopo lile haliyataki, na gari limekaa ndani yake mwaka wa sita, mwaka wa kumi.

Magari yaliyohusika ni ya viwanda vingi: Toyota, Honda, Nissan, Mazda, Subaru, BMW na wengine. Baadhi ya Corolla, baadhi ya Vitz, baadhi ya X-Trail, baadhi ya Honda Fit. Nasema baadhi, na nalikazia neno hilo, kwa sababu sitaki mtu atoke hapa akamwambie jirani yake kwamba kila Vitz ni bomu. Ndiyo maana jina la gari halitoshi, na mwaka wa kutengenezwa hautoshi. Kinachotoa jibu ni namba ya chesisi.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayana ile namba ndefu ya tarakimu na herufi 17. Yana alama ya modeli, kistari, halafu namba. IST nyingi mnazozijua zinaanza na NCP60. Namba iko kwenye kibati ndani ya boneti, na kwa Land Cruiser nyingi imegongwa kwenye reli ya chesisi yenyewe, upande wa kulia, karibu na tairi la mbele. Chukueni brashi ya waya, futeni tope, isomeni pale kwenye chuma, halafu ilinganisheni na kadi. Zikitofautiana, tayari mna tatizo jingine la kushughulikia kabla ya hili. Zikilingana, viwanda vya Japani vina kurasa kwenye intaneti ambapo unaingiza namba hiyo na unaonyeshwa kama gari liliitwa, na mara nyingi unaonyeshwa pia kama kazi ilifanyika. Kurasa ni za Kijapani, lakini simu zenu zinatafsiri. Kwa magari ya Marekani na Uingereza ni rahisi zaidi, serikali zenyewe zina kurasa za kutafutia. Ni bure. Kazi ya dakika chache, unaweza kuifanya ukisubiri chipsi.

Jambo moja zaidi kuhusu eabegi za Japani, litawasaidia wanunuzi. Kuanzia Mei 2018, Japani ilianza kuyakatalia ukaguzi magari yenye zile eabegi za hatari zaidi ambazo hazijabadilishwa. Kwa hiyo gari lililotoka Japani kabla ya hapo ndilo la kuliangalia kwa macho manne. Na hayo yapo mengi sana barabarani kwetu, yanapeleka watoto shule kila siku.

Naomba hapa niseme na mafundi, na nitasema wazi kwa sababu tunapendana. Taa ya eabegi kwenye dashibodi inatakiwa iwake ukifungua swichi, ikae sekunde chache, izime. Ikiendelea kuwaka, mfumo unasema naumwa. Sasa mteja anakuja, anasema hii taa inanikera, au nataka kuuza gari na taa inawatisha wateja. Nimefungua dashibodi nikakuta kitundu cha ile taa kimezibwa na utepe mweusi wa umeme, umekatwa vizuri kwa wembe, saizi ileile ya taa. Nimekuta balbu imetolewa. Nimekuta waya wa taa ya eabegi umeungwa kwenye taa ya oili ili ziwake na kuzima pamoja. Huyo ni fundi mwenye akili nyingi, na akili hiyo aliitumia kumfumba mdomo shahidi. Atakayelinunua gari lile ataona dashibodi safi, ataamini ana eabegi. Kwa hiyo mkiwasha gari na taa hiyo haiwaki kabisa hata mara moja, jueni hali ni mbaya kuliko ile inayowaka moja kwa moja.

Na kama hujafundishwa kazi ya eabegi, usiifungue. Usipime kopo lile kwa mita, umeme mdogo wa mita unaweza kulilipua. Anayejua kazi anatoa betri kwanza na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa. Eabegi iliyotumika kutoka kwenye gari lililokatwa, zile zinazouzwa sokoni bila karatasi, usimfungie mtu. Hujui umri wake, hujui ilikaa wapi, na inaweza kuwa ni zilezile zilizoitwa.

Nikiwa bado upande wa mafundi, nataka niwape historia ya Fuso. Hapa kwetu Fuso limekuwa jina la lori lolote la ukubwa ule, ndivyo lilivyotuingia. Mwaka 2000 Mitsubishi Motors, waliokuwa wakitengeneza Fuso, ilikiri kwamba kwa zaidi ya miaka 20 ilikuwa ikificha malalamiko ya wateja ili isiyaite magari. Januari 2002, mjini Yokohama, tairi lilichomoka kwenye lori la kampuni hiyo likampiga mama aliyekuwa akitembea na wanawe wawili. Mama alikufa, watoto waliumia. Kampuni ilisema nini? Ilisema ni matengenezo mabaya. Fundi hakukaza vizuri, mwenye lori hakulitunza. Miaka miwili baadaye, 2004, ikakiri kwamba habu yenyewe, kile kitovu cha chuma ambacho gurudumu linafungwa juu yake, ilikuwa na kasoro ya kiufundi, na wakubwa wake wakakamatwa. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Huku kilianza na mpita njia.

Kwa miaka miwili ile mafundi wa Japani walibeba lawama. Na Japani ni nchi ya karatasi, kila gereji ina kumbukumbu. Je, sisi? Habu ikipasuka Kitonga, nani atajua kama ni ya kwanza au ya arobaini? Fundi anaitwa, anakwenda na pikipiki, anafungua, anachomelea au anaweka nyingine ya mtumba, lori linaondoka. Kile chuma kilichopasuka kinauzwa kwa watu wa chuma chakavu jioni ileile. Mimi ni fundi, na najivunia kwamba hakuna gari linalotushinda. Lakini umahiri huo una madhara yake: unazika ushahidi. Tunaitengeneza kasoro kimyakimya, mmoja Mwenge, mmoja Tegeta, mmoja Temeke, kila mmoja akidhani ni gari la mteja wake tu.

Hili ndilo lililonileta hapa. Mfumo wote wa viwanda kuyaita magari, huko kwao, unategemea watu kusema. Dereva kusema, fundi kusema, bima kusema, mpaka malalamiko yanarundikana na kiwanda kinashindwa kukanusha. Mahali ambapo hakuna anayesema, kasoro haipo kwenye vitabu, hata kama inaua.

Mtaniambia, nani atamsikiliza fundi wa Dar es Salaam? Nitawajibu kwa habari ya matairi. Mwaka 2000, Firestone iliita matairi milioni 6.5, mengi yake yalikuwa kwenye Ford Explorer. Ngozi ya tairi ilikuwa ikibanduka gari likiwa kwenye mwendo, gari linapinduka. Waliokufa Marekani walizidi 270. Sasa sikilizeni: dalili za mapema zilitoka nchi za joto. Saudi Arabia na Venezuela matairi yalikuwa yakibanduka, na mwaka 1999 Ford ilikuwa imekwisha kuanza kuwabadilishia watu wa Ghuba, huku serikali ya Marekani haina habari. Jambo hilo lilipojulikana, bunge la Marekani lilipitisha sheria mwaka huohuo wa 2000: kiwanda kikifanya zoezi la kuita au kutengeneza magari kwa ajili ya usalama kwenye nchi yoyote ya nje kwa gari linalofanana na lile linalouzwa Marekani, lazima kitoe taarifa Marekani ndani ya siku 5 za kazi. Kwa maneno mengine, sheria ya nchi kubwa vile ilibadilishwa na taarifa zilizotoka kwenye jua kali kama letu. Joto letu, mashimo yetu, mizigo yetu, vinaonyesha kasoro mapema kuliko barabara laini za Ulaya. Tungekuwa tunaandika, tungekuwa walimu wao.

Tuandike nini? Namba ya chesisi. Kilomita. Tarehe na mahali. Kifaa gani kimekufa na kimekufaje: kimepasuka, kimelegea, kimeungua. Picha mbili, ya karibu na ya mbali. Na kile kifaa kibovu kisitupwe. Kifunge kwenye mfuko, andika namba ya gari, weka kwenye rafu. Pale Marekani, General Motors waliyaita magari milioni 2.6 mwaka 2014 kwa sababu ya swichi ya ufunguo iliyokuwa ikijizima njiani, injini inakufa, eabegi hazifanyi kazi. Vifo 124 vililipwa fidia. Kiwanda kilikuwa kimeibadilisha swichi ile miaka ya nyuma bila kubadilisha namba ya spea, kwa hiyo kwenye karatasi ya zamani na mpya zilikuwa kitu kimoja. Aliyegundua ni mhandisi mmoja wa Florida aliyenunua swichi mpya dukani, akaifungua, akailaza pembeni ya ile iliyotoka kwenye gari la msichana aliyekufa. Kipini cha ndani cha ile mpya kilikuwa kirefu kidogo. Basi. Angekuwa ameuziwa mtu wa chuma chakavu kile kifaa cha zamani, mambo yote yale yangebaki gizani.

Sasa nigeukie wale wanaotengeneza magari ya kulala ndani, maana hapa mambo yanakuwa na tabaka. Gari la namna hii lina wazazi watatu. Kuna aliyetengeneza chesisi na injini. Kuna aliyejenga nyumba juu yake. Na kuna waliotengeneza vitu vya ndani: friji, jiko, hita, pampu. Kila mmoja anaweza kutangaza kasoro yake, na mwingine asijue. Mwaka 2006 kampuni ya Dometic iliita friji zaidi ya laki tisa za magari ya namna hii huko Marekani. Ni zile friji zinazotumia gesi au umeme, ambazo hazina kompresa, ndani zina maji, amonia na hidrojeni vinavyochemshwa kwenye bomba. Bomba lilikuwa likichoka, linapata ufa, hewa inayowaka inavuja karibu na moto. Gari lenyewe lilikuwa zima. Injini nzima, breki nzima. Ungeingiza namba ya chesisi usingeona kitu, kwa sababu aliyekosea ni friji. Kwa hiyo ukinunua gari la kulala lililotoka Ulaya au Marekani, au ukinunua friji ya mtumba kuifunga kwenye Coaster, soma kibati cha friji pia: modeli na namba yake. Tafuta kwa jina la friji.

Na wewe fundi wa hapa uliyekata paa la Hiace ukaweka la kunyanyuka, uliyerefusha Land Cruiser, uliyechomelea kitanda juu ya tangi: wewe ni kiwanda. Kiwanda cha Japani hakitajibu kwa weldi yako, na hakistahili kujibu. Ukigundua baada ya miezi kwamba bawaba ulizofunga kwenye magari sita zinapasuka, wapigie simu wenye magari sita. Hiyo ndiyo kazi ileile wanayofanya Toyota, kwa kipimo chako. Utaweza tu kama uliandika jina, simu na namba ya chesisi ya kila gari lililotoka mikononi mwako.

Gesi nitaisemea kidogo, kwa sababu nimeona jambo linalonitia hofu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka chini, inalala sakafuni, inasubiri cheche. Ndiyo maana kabati la mtungi kwenye gari la Ulaya lina tundu chini kabisa, limeachwa makusudi, gesi itoke nje ya gari. Magari haya yakifika kwetu yakapita barabara ya vumbi, mteja anakuja analalamika kwamba vumbi linaingia kwenye kabati, linafika hadi kwenye vyombo. Fundi anachukua silikoni, anaziba tundu. Mteja anafurahi. Vumbi haliingii tena, na gesi nayo haina pa kutokea. Kama vumbi linasumbua, weka mfuniko wenye wavu, elekeza bomba nyuma, fanya utakalo, lakini tundu lisizibwe. Na jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya gari lililofungwa usiku, hata kama Makambako kuna baridi ya kukata mifupa. Hewa yake ya sumu haina harufu. Mnalala na hamwamki.

Uzito nao. Piga hesabu: maji lita 100 ni kilo 100. Dizeli ya akiba lita 40 ni kilo 34 hivi. Hema la juu, tuseme kilo 60. Tairi la pili la akiba, betri ya pili, friji, jiko, watu wanne na mabegi. Halafu angalia tairi. Baada ya saizi kuna namba ya uwezo wa kubeba: 112 ni kilo 1,120 kwa tairi moja, 121 ni kilo 1,450. Kuna tarakimu nne za tarehe, 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba lenye kashata nzuri, yaani meno yake bado hayajalika, linaweza kuwa na miaka kumi na mbili. Ukilipa upepo mdogo, ukalibebesha nyumba, ukalikimbiza Chalinze saa saba mchana, umelitengenezea mazingira yaleyale ya Explorer za Venezuela.

Tukishaandika, tumpelekee nani? Anzeni na wakala rasmi wa kiwanda hapa nchini. Anaweza kukwambia kwamba gari hili hatukuliuza sisi. Sawa, mwandikie hata hivyo, kwa barua au barua pepe, omba jibu la maandishi, kwa sababu spea ya wito ule anaweza kuiagiza hata kama utalipia kazi. Ninaamini viwanda vina deni la kimaadili kwa magari yao popote yalipo, na wanaojua kwamba magari yao ya zamani yanaishia Afrika wasijifanye hawajui. Kisha TBS, Shirika la Viwango Tanzania, wanaokagua magari yaliyotumika yanayoingia nchini. Ukaguzi unaona breki, taa, usukani, hali ya gari kwa siku ile. Kidonge kilichooza ndani ya kopo hakionekani kwenye mashine ya breki, kwa hiyo taarifa zenu wanazihitaji. Kisha FCC, Tume ya Ushindani, ambao kumlinda mlaji ni kazi yao kisheria. Malalamiko ya mtu mmoja yanaweza kulala kwenye faili. Ya gereji ishirini yenye namba za chesisi na picha hayalali.

Nyinyi wenye yadi, nawaombeni kitu kimoja, na najua kina gharama. Kabla gari halijapangwa kwenye mstari, ingizeni namba ya chesisi, chapisheni jibu, libandikeni kwenye kioo pamoja na bei. Kama liliitwa na halijatengenezwa, lisemwe. Mteja apunguziwe au litengenezwe kwanza. Mkimuuzia mtu mbuzi kwenye gunia leo mtapata faida ya leo, lakini hawa mliowaona wamekaa hapa wanasikia na wataanza kuuliza.

Mwenyekiti amekubali tufungue daftari la pamoja la kasoro, nakala moja ya karatasi na moja kwenye kundi letu la WhatsApp, na kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtu mmoja atayapanga yaliyoingia kwa aina ya gari na kifaa. Yakifika matatu yanayofanana tunaandika barua, siku hiyohiyo. Vijana wangu wawili wako kwenye ile meza ya nyuma na kompyuta zao. Leteni kadi za magari yenu, au piga picha kibati cha boneti mkalete simu. Naona kuna Coaster ya bluu imeegeshwa getini, yenye hema juu. Mwenyewe yupo? Karibu, tuanze na yako.